Andikeni tarehe kwenye kaseti

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako wa Shinyanga, aliyeandika kwamba watu wazima wanaokaa kijiweni kubishana ni siku gani wimbo fulani ulipigwa vizuri zaidi jukwaani "hawana kazi". Kwake yeye, wimbo ni ule uliorekodiwa studio, mengine yote ni mbwembwe za wapiga vyombo. Mimi ni fundi redio hapa Makoroboi, Mwanza. Kazi ninayo, na ubishi anaousema unafanyika mbele ya meza yangu karibu kila Jumamosi jioni, huku mimi nakwangua magamba ya dagaa kwenye redio zilizotoka visiwani.

Wimbo tunaoubishania si wa kwetu. Unaitwa "Dark Star", wa Grateful Dead, bendi ya Marekani iliyoanzia California mwaka 1965. Ulifikaje Makoroboi? Miaka ya tisini Mmarekani mmoja aliyekuwa anafundisha upande wa Sengerema aliniletea redio kaseti yake nimtengenezee, na alipokuwa anarudi kwao akaniachia boksi zima la kaseti. Hakuna hata moja yenye picha wala jina la albamu. Kila karatasi imeandikwa kwa mkono: tarehe, mji, ukumbi. Wimbo mmoja unajirudia kaseti hadi kaseti, na hakuna mara mbili zinazofanana.

Sasa, kwa hoja ya msomaji wako, "Dark Star" halisi ni ile santuri ndogo ya mwaka 1968, ambayo haifiki dakika 3. Inaisha kabla sijamaliza kufungua skrubu za nyuma ya redio. Wenyewe walioutunga hawakukaa hapo. Tarehe 27 Februari 1969, ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, waliupiga ukapita dakika 23, na hiyo ndiyo iliyoingia kwenye santuri ya Live/Dead mwaka huohuo. Walikuwa na mashine ya traki 16, yaani inayonasa sauti 16 kila moja kwenye njia yake, kitu kigeni kabisa kwa kurekodi jukwaani enzi zile. Kama fundi, nikisikia mkanda ule navua kofia.

Kijiweni kwetu, anayeitetea siku hiyo ya 1969 ni mzee mmoja aliyepiga besi kwenye bendi za dansi za Kanda ya Ziwa hadi vidole vikagoma. Hoja yake ina uzito. Anasema siku ile kulikuwa na wapiga drams wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, na kinanda cha Tom Constanten kikitambaa chini kwa chini, kwa hiyo Jerry Garcia na gitaa lake la solo alikuwa na zulia la kutembelea. Lakini hasa mzee anampenda Phil Lesh. Lesh alikuwa mpiga tarumbeta kabla hajashika besi, na ukimsikiliza utaona besi yake haikai nyumbani kusubiri wenzake. Inatoka, inazurura, inajibizana na solo. "Mimi ningepiga hivi," mzee hutuambia, "kiongozi wa bendi angenikata mshahara usiku uleule." Halafu ananyamaza anasikiliza tena, na unaona kabisa kwamba angekubali kukatwa.

Kijana wetu wa bajaji yeye anashikilia Rotterdam, Uholanzi, tarehe 11 Mei 1972. Kisa? Dakika 48. Hana sababu nyingine. Nimeshamwambia urefu unapimwa na saa, si sikio, lakini mtu anayelipwa kwa umbali utamwambia nini.

Mimi nasimama na Veneta, jimbo la Oregon, tarehe 27 Agosti 1972, na hapa naomba univumilie kidogo, Mhariri. Tamasha lile lilifanyika uwanja wa wazi ili kukisaidia kiwanda kidogo cha maziwa cha Springfield kilichokuwa na hali mbaya ya fedha. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba magitaa yalikuwa yanapoteza tuni, ikabidi wapigaji wawe wanayarekebisha mara kwa mara. Wanaokaa chini ya mabati hapa mjini mwezi wa kumi, mvua zikichelewa, wanajua nyaya na mbao zinavyofanya kwenye joto la namna ile. Mickey Hart alikuwa ameondoka kwenye bendi tangu mapema mwaka 1971, kwa hiyo drams ni moja tu, ya Kreutzmann. Badala ya kinanda cha Constanten kuna piano ya Keith Godchaux. Mzee wa besi anasema huo ni upungufu. Mimi nasema ndiyo siri yenyewe: drams zikiwa moja, bendi nzima inageuka haraka, Kreutzmann akiinamisha bega tu wote wameshahama. Inakwenda dakika 31 hivi, kuna mahali unadhani imesambaratika kabisa na kila mtu anapiga la kwake, kisha bila kusimama wanaangukia kwenye wimbo wa makaboi, wale wachunga ng'ombe wa Marekani, mtulivu, wa kusimulia hadithi. Mara ya kwanza kusikia kona ile nilicheka peke yangu, mteja akauliza kama redio yake ina nini.

Sasa nieleze ubishi huu una faida gani, maana msomaji wako aliuliza.

Kipindi fulani kijana wa bajaji alikuja akiapa kwamba ile Veneta niliyomnakilia yeye si sawa na yangu. Ya kwake ni nzito zaidi, sauti ziko chini, na ni ndefu. Mzee akaanza kushawishika kwamba huenda kuna mkanda mwingine uliorekodiwa na mtu mwingine. Nikamwambia alete mashine. Nikafungua: belti imelegea, mota inazunguka lakini mkanda unajikokota. Spidi ikipungua kwa asilimia 3 tu, wimbo wa dakika 30 unaongezeka karibu dakika nzima. Ikipungua kwa asilimia 6, wimbo mzima unashuka nusu toni. Nimebadilisha belti, "mkanda mwingine" ukatoweka. Tuliweza kumaliza ubishi kwa sababu kaseti zote mbili ziliandikwa tarehe ileile na ukumbi uleule. Bila karatasi ile tungekuwa tunagombana hadi leo.

Na hapo ndipo ninapotaka kumfikisha msomaji wako, na bendi zetu pia. Kaseti za dansi zinazoletwa hapa nizisafishe zimeandikwa "Msondo" au "Sikinde", zimeishia hapo. Nyimbo hizo wengi tunazijua kama zilivyorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na namshukuru aliyezirekodi. Lakini aliyewahi kucheza ukumbini anajua kwamba redioni ulipewa kipande. Ukumbini wimbo ukifika kwenye chemko hauna mwisho; solo anaachiwa, tarumbeta zinamjibu, majina ya waliowatunza fedha wanamuziki yanatajwa, na watu hawakubali uzimwe. Tena wanamuziki wetu walikuwa wanahama. Mwimbaji Muhidin Gurumo aliimba NUTA Jazz, akaenda Mlimani Park, ndiyo Sikinde, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo, ambayo ni NUTA ileile kwa jina jingine. Wimbo uleule ukipigwa mwaka mwingine na mpiga solo mwingine ni habari nyingine. Ni nani leo anaweza kuniwekea mezani mikanda miwili ya usiku mbili tofauti tulinganishe? Tunabaki na "mimi nilikuwepo", na aliyekuwepo mwenzake naye anasema lake.

Msinambie kwamba ushabiki wa namna hii ni wa Wazungu. Nendeni Bujora, Kisesa, kipindi cha ngoma baada ya mavuno. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja, na anayewavuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Njiani kurudi, ubishi wa nani alimfunika nani hauishi hata ukiteremka kwenye daladala. Wasukuma wamekuwa wakilinganisha jukwaa na jukwaa kabla redio haijafika.

Tofauti ni kwamba Grateful Dead waliwaruhusu mashabiki kurekodi. Mashabiki walikuja na vinasa sauti na maikrofoni zao, na mwaka 1984 wakatengewa sehemu yao rasmi ndani ya ukumbi. Sharti lilikuwa moja: mbadilishane, msiuze. Hapa kwetu nimeshuhudia kijana akinyang'anywa kinasa sauti mlangoni na watu wa bendi moja ambayo leo haina hata mkanda wake mwenyewe wa usiku ule. Hofu yao naielewa, wadurufu waliwala sana wanamuziki. Lakini anayerekodi ukumbi mzima, na kikohozi cha jirani yake ndani, hauzi santuri ya mtu. Anatunza usiku ambao bendi yenyewe haitautunza. Kule Marekani hata mikanda ya fundi wao wa sauti, Betty Cantor-Jackson, iliwahi kupigwa mnada mwaka 1986 pamoja na vitu vya stoo, na ikanusurika kwa sababu walioinunua walikutana na watu waliojua walichoshika.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wako wa Mwanza, Bukoba, Musoma na visiwani. Kama una kaseti ya dansi iliyorekodiwa ukumbini, si redioni, ilete Makoroboi. Nitaisafisha na kuihamishia kwenye flashi bure, hata kama imeota ukungu. Ninachodai ni uketi hapo kwenye benchi uniambie ilikuwa mwaka gani, ukumbi gani, na nani alishika solo. Ukiwa huna uhakika na mwaka, mzee wa besi atakuuliza maswali mpaka ukumbuke. Msomaji wako wa Shinyanga naye anakaribishwa, ila aje Jumamosi, na asikae upande wa kijana wa bajaji kama hana saa 1 ya kupoteza na Rotterdam.

Fundi Redio,
Makoroboi, Mwanza.