Ninaendesha bajaji Kigoma, na abiria wangu wengine nawaomba watembee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika humu wiki mbili zilizopita kwamba sisi madereva wa bajaji wa Kigoma ni wezi, eti alitozwa shilingi elfu moja kutoka sokoni Mwanga hadi benki. Mimi ni mmoja wa wezi hao. Kuhusu ile elfu moja sina ugomvi naye, bei ya mafuta anaijua na mimi naijua. Ugomvi wangu ni mwingine. Safari anayoisema ni fupi kiasi kwamba bajaji haijachanganya gia vizuri, abiria keshaanza kutafuta chenji. Ndugu yangu, ungetembea.

Najua kauli hii ikitoka kwa dereva inachekesha. Wenzangu kijiweni wakiisoma wataniuliza nani kaniloga. Ngoja nieleze ilivyoanza.

Nina miaka 49, na huu ni mwaka wa tisa niko kwenye usukani. Kabla ya hapo nilikuwa mbeba mizigo bandarini, napanda na kushuka na magunia ya dagaa na viroba vya unga kwenye Liemba, ile meli ya Wajerumani ya mwaka 1913. Enzi hizo nilikuwa mwembamba kama kasia. Nilipopata bajaji ya kuendesha kwa hesabu nilimshukuru Mungu kwamba sasa nitakula nimekaa. Na kweli nikala nimekaa. Saa kumi na mbili asubuhi niko kitini, saa mbili usiku niko kitini. Mama lishe alikuwa ananiletea sahani pale pale. Duka likiwa ng'ambo ya barabara, nilikuwa nageuza bajaji kwenda kununua vocha. Ukikitazama kiti changu leo utaona sponji imebonyea zaidi upande mmoja, ule ninaouegemea nikiteremka stesheni. Lile shimo limechimbwa na mimi mwenyewe, kwa miaka minane.

Mwaka jana mwezi wa saba kichwa kilinizunguka nikiwa na abiria watatu. Nikaegesha, nikawaomba radhi, nikaenda zahanati. Presha 162 kwa 98. Uzito kilo 97. Muuguzi, dada mdogo tu ambaye ningeweza kumzaa, akaniuliza, "Baba, leo umetembea?"

Nikamwambia nimetembea sana, nimetoka Ujiji, nikaenda Kibirizi, nikapanda Gungu, nikarudi tena Ujiji.

Akasema, "Hapo imetembea bajaji. Mimi nimekuuliza wewe."

Sikuwa na jibu. Nilipojihesabia, nikaona siku ile nilikuwa nimetembea kutoka kitandani hadi msalani, na kutoka msalani hadi kitini.

Akaniandikia dawa, akanionya juu ya chumvi, na akaniambia niwe natembea nusu saa kila siku, mwendo wa kueleweka. Nilitegemea ataniambia niingie vikundi vya kukimbia vya Jumamosi, vile vyenye jezi za rangi moja na spika kubwa, nami nilishaandaa sababu za kukataa. Nikauliza kasi gani. Akasema uende mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako lakini kuimba huwezi. Kipimo hicho hakihitaji saa wala simu, na mpaka leo ndicho ninachotumia. Nikijikuta naimba, najua nimezembea.

Kazi ilikuwa kupata huo muda. Bajaji si yangu, ila bosi aliniruhusu kulala nayo nyumbani. Nikamwomba niwe naiacha kwake jioni na kuifuata asubuhi. Alikubali upesi kuliko nilivyotaka, nadhani alifurahi kuiona usiku. Nilipima kwanza njia kwa mita ya bajaji yenyewe: kilometa 2.6. Siku ya kwanza nilitumia dakika 45 na nikapumzika mara mbili, mara ya pili kwenye kizingiti cha duka la mtu nisiyemjua. Nilikuwa nimevaa kandambili, nikafika nyumbani na malengelenge vidoleni. Kesho yake nikanunua raba za mtumba sokoni, shilingi elfu kumi na mbili, na huo ndio mtaji wote nilioutia katika mazoezi haya. Siku hizi natumia dakika 29.

Sasa Mhariri, nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Miguu haikunisumbua kama macho ya watu. Wiki ya kwanza kila niliyekutana naye alikuwa na swali. "Bajaji imekamatwa?" "Hesabu imekushinda?" "Bosi kakunyang'anya?" Jioni moja mama mmoja mzee, jirani wa zamani wa marehemu mama yangu, alinisimamisha, akafungua fundo la kanga, akanitolea buku. "Mwanangu, najua hali ni ngumu, chukua upande boda." Nikakataa, akanuna. Ikabidi niipokee, nikamnunulia ndizi kesho yake nikampelekea, naye akazidi kuniombea nipate kazi.

Hapa ndipo penye ugonjwa. Mjini kwetu mtu anayetembea anaonewa huruma. Akiwa amevaa vizuri na anatembea, basi kafilisika. Nina abiria, mwalimu, sitamsema zaidi ya hapo, ambaye hupanda kutoka kwake hadi shuleni ilhali kengele ya shule anaisikia akiwa sebuleni. Aliniambia waziwazi kwamba hataki wanafunzi wamwone ana vumbi miguuni. Wakati kijijini kwetu huko Kasulu baba yangu ana miaka 78 na anakwenda shambani kwa miguu kila siku ya Mungu, na ukimwambia hayo ni mazoezi atakuuliza mazoezi ya nini.

Na mji wenyewe ni wa miguu! Kabla reli haijafika hapa, Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 na akamkuta Livingstone Ujiji kwenye miezi ya mwisho ya mwaka ule, na tunawapeleka wageni kuona mahali walipokutana. Wapagazi waliobeba mizigo yao, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa na kama frasila mbili begani kila mmoja, yaani kilo thelathini na kitu. Mgeni anayeshuka kwenye bajaji yangu pale huniuliza habari za Wazungu wawili, sijapata aliyeniuliza habari za wapagazi. Sisemi turudi huko, wengine njia ile waliipita na minyororo shingoni. Nasema tu kwamba mjukuu wa watu hao hawezi kuona aibu kwenda benki kwa miguu.

Binti yangu anasoma uuguzi. Alipokuja likizo nikamwambia habari za muuguzi wangu, naye akanipa hadithi iliyonikosesha usingizi. London, miaka ya hamsini mwanzoni, mtafiti aitwaye Jerry Morris alilinganisha watu wa mabasi yale ya ghorofa: madereva na makonda. Basi moja, zamu moja, mshahara haupishani sana. Dereva amekaa kutwa nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi za ghorofa akikusanya nauli, mamia ya vidaraja kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: madereva waliugua moyo zaidi kuliko makonda, na ugonjwa ulipowapata uliwapata vibaya zaidi. Nikajitazama. Mimi ni dereva, na gari langu halina konda hata wa kumwonea wivu.

Huyo huyo binti ndiye aliyenitoa kwenye mateso ya hatua elfu kumi. Kijana mmoja pale kijiweni aliniwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, ikawa kila usiku inanionyesha nimefika elfu saba na mia kadhaa, nalala nimekasirika. Kumbe ile elfu kumi haikutoka kwa daktari. Ilianzia Japani mwaka 1965, jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa, na jina likavuma. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima hauhesabu hatua, unahesabu dakika: 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na si lazima ziwe za mfululizo. Ukitembea dakika nane kwenda sokoni na nane kurudi, zinahesabika. Nimeifuta ile programu.

Sitaki kumdanganya mtu. Wiki sita za mwanzo sikupungua hata kilo moja. Sababu niliijua mwenyewe ila sikumwambia mke wangu: njiani kuna mama anayechoma vitumbua, na moshi wake saa kumi na mbili kasorobo asubuhi hauna huruma. Nilikuwa nakula vinne nikisema nimevitolea jasho. Sasa nakula kimoja Jumamosi. Uzito ni kilo 91, presha mara ya mwisho ilikuwa 136 kwa 84, na hiyo ni pamoja na dawa, ambazo daktari amesema niendelee nazo. Asije mtu akasoma barua hii akatupa vidonge vyake.

Mke wangu ana sukari, na ana kipimo kidogo cha nyumbani. Yeye si mtu wa kuamini maneno. Siku moja tulikula ugali wa muhogo na mgebuka, akakaa akitazama tamthilia, akapima baada ya saa moja na nusu: 11.4. Kesho yake akapika vile vile, sahani ile ile, ila tulipomaliza tukatoka tukazunguka mtaa dakika ishirini. Muda ule ule akapima: 9.1. Muuguzi alimweleza kwamba misuli ya mapaja ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Siku mbili si utafiti, lakini tangu hapo kila jioni anatoka na majirani wawili wamevaa madera yao, na mimi nimekatazwa kufuatana nao kwa sababu nawasikiliza umbea.

Faida nyingine haina kipimo. Pale juu Mwanga, alfajiri, pana mahali nyumba zinaachana na ziwa linaonekana. Taa za wavuvi wa dagaa zinarudi pwani moja moja, halafu Kongo ng'ambo inaanza kutokeza kama mstari wa mkaa. Miaka minane nilipita hapo mara kumi kwa siku sikuona chochote. Dereva anaangalia mashimo.

Mashimo nayo, kwa mtembea kwa miguu, ni habari nyingine. Mwezi wa kumi na moja mvua zimeanza, giza, nilitumbukia kwenye mtaro ambao vifuniko vyake vimeondoka, wapi sijui. Ugoko ulichubuka mpaka nyama nyeupe, na wiki mbili nilirudi kulala na bajaji. Penye njia ya waenda kwa miguu pamepangwa ndoo za plastiki, majiko ya mkaa, vitanda vya chuma na pikipiki zilizoegeshwa. Mtu anashuka barabarani kuzikwepa, na barabarani tupo sisi. Nakiri hapa mbele ya wasomaji: na mimi nilikuwa naegesha pale, na pale zebra nilikuwa nawapigia honi watoto wa shule badala ya kusimama. Nilianza kusimama siku niliyopigiwa honi mimi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahusika ni dogo: vifuniko vya mitaro, na ile njia ya pembeni ibaki njia. Na miembe. Waliopanda miembe ile mikubwa ya barabara ya stesheni walijua jua la saa saba lilivyo, na mtu chini yake hutembea bila kukunja uso. Ikianguka mmoja, sijaona unaopandwa mahali pake.

Na kwa ndugu yangu wa benki: hesabu yako ni nyepesi. Safari mbili kwa siku za buku moja moja, siku tano kwa wiki, ni elfu kumi. Wiki moja na siku moja umeshalipa raba kama zangu. Ukiwa na mzigo, una mgonjwa, una mtoto mgongoni au mvua inanyesha, nipo, na nitakupunguzia.

Niishie hapo Mhariri, kuna mzee ananiita ana magunia mawili ya mihogo, anakwenda Ujiji. Huyo nampakia.

Dereva wa bajaji,
Mwanga, Kigoma
(Jina na namba ya simu vimehifadhiwa)