Blanketi halina joto lake

Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, sasa nalima viazi hapa Makete. Julai nilipata mjukuu njiti, wiki 32, kilo 1.5. Alizaliwa zahanati alfajiri, umande umeganda kwenye nyasi. Mkamwana wangu alikuwa akivuja damu nyingi, mikono yote ikawa kwake. Mtoto alifutwa harakaharaka, akaviringishwa kanga na mablanketi mawili, nikapewa nimpakate ndani ya gari la wagonjwa. Saa nzima nilimkumbatia na mablanketi yake nikiamini anapata joto.

Tulipofika hospitali, kipimajoto kilisoma 34.6. Mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5. Nyayo zake zilikuwa baridi kama kokoto za mtoni, na hata kulia hakulia.

Mama yake akapelekwa kwenye upasuaji. Muuguzi alimvua mtoto kila kitu, akamwachia nepi, kofia na soksi, akaniambia, "Bibi, fungua blauzi." Akamlaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga kwa kanga, ndipo blanketi likaja juu. Akanieleza kwamba njiti hana mafuta ya kutosha mwilini wala hawezi kutetemeka ajipashe moto. Blanketi hutunza joto lililopo. Kama halipo, hutunza baridi. Nimelea watoto sita na sikuwahi kuliwaza hilo! Baada ya saa chache alisoma 36.7, akaanza kutafuta ziwa kwangu mimi mzee.

Nimesoma baadaye kwamba madaktari wa Bogotá, Kolombia, walianza kuwabeba njiti hivi mwaka 1978 kwa uhaba wa mashine za kuwapasha joto. Utafiti uliotolewa 2021, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi tano, ulionyesha kuwa kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo. Kwa nini basi sisi tunaowasindikiza wajawazito kliniki hatufundishwi?

Ninachoomba ni hicho. Bibi, shangazi, baba, yeyote atakayekuwepo siku ya kujifungua, aonyeshwe mapema namna ya kumfunga mtoto kifuani, na njiti asipakiwe garini akiwa ndani ya blanketi peke yake. Alfajiri ile zingetosha dakika mbili za kufungua vifungo vyangu kabla gari halijaondoka.

Bibi wa njiti,
Makete, Njombe