Shukrani kwa mzee wa baraghashia, Coco Beach

Mzee wangu, jina sikukuuliza, na hilo kosa langu. Jumapili jioni tulikaa duara mchangani, ngoma saba, kila mtu anakimbilia kwake. Unyevu wa bahari ulishalegeza ngozi ya msondo, ile ngoma ndefu, ikawa kama kupiga gunia la mkaa. Ukakusanya makuti, ukawasha moto, ukaikanza ngozi taratibu huku unaigonga kwa kidole mpaka sauti ikarudi. Kisha ukaniambia, "Mwanangu, hebu acha kupiga, sikiliza chapuo kwanza." Nikaisikiliza ile ngoma ndogo, nikaingia. Tangu nifiwe na mama nilikuwa sipati usingizi. Usiku ule, viganja vinawaka moto, nililala hadi adhana ya alfajiri. Shikamoo, mzee. Kiberiti chako ninacho, Jumapili nitakuja nacho.