Tiba ya virusi kwa uvimbe wa ubongo: andikeni "inajaribiwa"

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya habari za virusi vinavyotumiwa kutibu uvimbe wa ubongo, habari ambazo zinapita kwenye simu zetu, na mara nyengine hata kwenye vyombo vya habari, zikiwa na kichwa kimoja tu: dawa imepatikana.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo lililotokea nyumbani kwa shemegi yangu, hapa Pemba. Mwanawe, ambaye ni mpwa wangu, alifanyiwa upasuaji wa kichwa, na jibu la maabara likasema ni glioblastoma, ambayo ni miongoni mwa saratani kali kabisa zinazoanzia kwenye ubongo. Siku niliyokwenda kumjulia hali nilimkuta baba yake uani, amechutama pembeni ya jamvi la karafuu ambazo zilikuwa bado hazijakauka, mkono mmoja unachambua makonyo na mwengine umeshika simu. Akanisikilizisha ujumbe wa sauti. Msemaji, ambaye hakujitaja jina, alieleza kuwa madaktari wa nchi za nje wametengeneza virusi vinavyokula uvimbe na kuumaliza, na kwamba familia ikitanguliza fedha mgonjwa atatafutiwa nafasi. Ulipokwisha, shemegi akaniuliza: "Shemegi, wewe umesoma mambo haya. Lile shamba la Mgagadu niliuze?"

Nimefundisha baiolojia skuli ya sekondari kwa miaka mingi, na swali lile lilinielemea kwa sababu sikuweza kumwambia kuwa yule msemaji ametunga yote. Elimu hiyo ipo. Virusi kazi yake ni kuingia ndani ya seli na kuiachia maelekezo yake ya urithi, kwa hiyo wanasayansi huondoa sehemu inayoleta maradhi, wakapakia jeni wanayoitaka, yaani kipande cha maelekezo ya urithi, na virusi hugeuka chombo cha kuisafirisha. Chanjo ya Johnson & Johnson ya kukinga UVIKO-19 iliyoletwa Tanzania mwezi Julai 2021 ilitengenezwa kwa msingi huo huo, kwa kutumia adenovirusi isiyoweza kuzaliana, na ndiyo maana sioni sababu ya watu kutishwa na neno virusi peke yake.

Kwa uvimbe wa ubongo, njia iliyojaribiwa mapema kwa wagonjwa, huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilitumia aina nyengine ya virusi, iitwayo retrovirusi, kupeleka kwenye uvimbe jeni iliyochukuliwa kutoka virusi vya herpesi, vile vinavyoleta malengelenge mdomoni. Jeni hiyo huifanya seli itengeneze kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali, na mgonjwa akipewa dawa iitwayo gansiklovia, kimeng'enya hicho huigeuza dawa kuwa sumu mle mle ndani ya seli ya saratani. Retrovirusi zilizotumika huweka jeni katika seli zinazogawanyika tu, na seli za neva za mtu mzima hazigawanyiki, hivyo sumu ilitarajiwa kuupiga uvimbe na kuuacha ubongo wenyewe salama. Hata sasa, kila ninapolieleza jambo hili, nastaajabia akili iliyolibuni.

Kwenye panya uvimbe ulinywea. Lakini wagonjwa 248 walipogawanywa makundi mawili ili walinganishwe, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionesha kuwa waliopewa tiba ya jeni juu ya upasuaji na mionzi waliishi siku 365 kwa kipimo cha kati (yaani nusu yao walivuka hapo), na wale ambao hawakupewa waliishi siku 354. Virusi vilifikia seli chache tu, karibu na pale vilipodungwa, na seli za glioblastoma zina tabia ya kupenya mbali katikati ya ubongo mzima. Baadaye ilitengenezwa retrovirusi yenye uwezo wa kuendelea kuzaliana ndani ya uvimbe, ikajaribiwa kwa wagonjwa 403, nayo haikuwaongezea maisha.

Zipo habari zenye matumaini zaidi, na itakuwa dhulma kuzificha. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, madaktari walichukua virusi vya polio vilivyodhoofishwa, vya asili ile ile ya matone waliyopewa watoto wetu mdomoni, wakavibadilisha kwa kipande cha virusi vya mafua na kuvidunga ndani ya uvimbe uliorudi. Ripoti yao ya mwaka 2018 ilihusu wagonjwa 61, ambao asilimia 21 walikuwa hai baada ya miaka mitatu, dhidi ya asilimia 4 ya wagonjwa wa zamani waliochukuliwa kwenye kumbukumbu. Japani nayo, mwezi Juni 2021, ilitoa kibali cha masharti na cha muda kwa virusi vya herpesi vilivyobadilishwa jeni, na utafiti uliotegemewa ulikuwa na wagonjwa 19. Katika tafiti hizi mbili, hakuna hata mmoja uliokuwa na kundi la kulinganisha lililotibiwa wakati ule ule, na tumeshaona yaliyotokea kundi hilo lilipokuwepo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba habari kama hizi zikifika mezani kwako, usiziache zitoke kabla mwandishi hajasema ni wagonjwa wangapi, walilinganishwa na nani, na dawa hiyo ina kibali nchi gani. Pale inapojaribiwa, andikeni "inajaribiwa". Wakumbusheni pia wasomaji kuwa utafiti wa kweli hupitishwa na kamati ya maadili na mgonjwa husaini ridhaa baada ya kuelezwa hatari zake, wala hautangazwi na sauti isiyo na jina inayotaka fedha kwanza.

Kwa glioblastoma, kilichothibitishwa kwa kulinganisha wagonjwa ni kidogo lakini kipo: utafiti wa mwaka 2005 ulionesha kuwa mionzi pamoja na vidonge vya temozolomaidi, dawa ya saratani, viliwafikisha wagonjwa miezi 14.6 kwa kipimo cha kati, ambapo mionzi peke yake iliwafikisha miezi 12.1. Nilimwambia shemegi hivyo hivyo, bila ya kumpunguzia wala kumwongezea, na yalikuwa maneno mazito kuyasema mbele ya baba.

Shamba halikuuzwa. Mpwa wangu amepangiwa mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na Jumamosi tunavuka naye kwa boti. Ule ujumbe wa sauti, baba yake bado hajaufuta.

Wako,
Mwalimu wa baiolojia,
Wete, Pemba