Barua kwa Mwanangu: Alhamisi Kuu mjini Sevilla

Binti yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na bibi yako. Mimi sijambo. Semina ya hapa Sevilla, Hispania, imekwisha na zimebaki siku mbili nianze safari ya kurudi Bagamoyo, lakini niliyoyakuta jana usiku sikutaka yasubiri hadi tuonane.

Nilitoka jioni kutafuta kanisa, kwani ilikuwa Alhamisi Kuu na sikutaka kukosa Misa ya kuoshwa miguu, nikapotea njia. Vichochoro vya hapa ni vyembamba, na kila nilipokata kona nilikuta watu wamejipanga kando ya ukuta, hata nikawa siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Ndipo zikatokea safu za watu waliovaa kanzu na kofia ndefu zilizochongoka, nyuso zimefunikwa zote, macho tu yakionekana katika matundu mawili. Mwanangu, niliogopa. Mtu mweusi aliyewahi kuona picha za wale wauaji wa Marekani waliojificha chini ya vitambaa vya namna hiyo hawezi kuuzuia moyo wake usiende mbio. Bibi mmoja aliyesimama karibu nami alinishika mkono, akanionyesha miguu yao: baadhi yao walikuwa pekupeku juu ya mawe. Walikuwa waamini wanaofanya toba, nao huficha nyuso ili asijulikane ni nani anayetubu. Desturi yao ilikuwepo zamani sana kabla ya wauaji wale.

Nyuma yao, katika moshi wa ubani, likaja jukwaa kubwa lenye sanamu ya Kristo msalabani, iliyochongwa na Andrés de Ocampo mwaka 1622. Halina magurudumu. Wanaume huingia chini yake, wakafichwa na pazia, wakalibeba kwa shingo, na msimamizi huwaongoza kwa kugonga nyundo ya chuma iliyofungwa mbele. Waliposimama kupumzika, pazia liliinuliwa nikamwona mmoja wao, jasho likimtiririka, kichwani amefunga kitambaa kilichoviringishwa hadi shingoni, kazi yake ileile ya ngata ya wachukuzi wetu. Alikunywa maji, nyundo ikagongwa, akatoweka, na mzigo wote ukaruka juu kwa pamoja.

Kijana mmoja aliyejua Kiingereza aliniuliza kama najua ni chama gani cha waamini kinachopita. Kinaitwa Los Negritos, yaani Weusi Wadogo. Kilianzia mwishoni mwa karne ya 14, Askofu Mkuu Gonzalo de Mena alipowajali Waafrika wa mji huu, na kwa muda mrefu wanachama wake walikuwa Weusi, watumwa na waliokuwa huru, kwa kuwa Sevilla ilikuwa miongoni mwa miji ya Ulaya yenye watumwa wengi. Wanachama wa leo karibu wote ni Wazungu, lakini jina hawakulibadilisha. Nilisimama pale nikiwatazama kwa macho mengine kabisa, kwa maana dakika chache tu zilizopita nilidhani mimi ndiye mgeni wa maandamano yale.

Kuna habari moja ya chama hicho iliyoninyima usingizi. Husimuliwa kwamba katika karne ya 17, fedha za kugharimia sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili zilipokosekana, wanachama wawili Weusi waliokuwa huru walijitoa wauzwe utumwani ili zipatikane. Wewe unajua ukoo wetu ulivyoanza: babu wa babu yako alikombolewa kwa fedha, akalelewa na wamisionari waliofika Bagamoyo mwaka 1868. Kwetu fedha ilitolewa ili mtu atoke kifungoni. Wale waliingia kifungoni ili fedha itoke. Siwezi kuwasifu kwa hilo, wala siwezi kuwalaumu. Niliwaombea wote wawili, na naomba nawe uwakumbuke katika sala ya Pasaka.

Watoto wa hapa huwafuata wenye mishumaa wakiomba nta inayodondoka, wakaifinyanga iwe donge linalokua mwaka hadi mwaka. Mjukuu wa yule bibi alimega kipande cha donge lake akanitia kiganjani, kikiwa bado na joto. Nimekifunga katika karatasi ndani ya bahasha hii. Usikiweke dirishani, kwa jua la huko kitayeyuka.

Akupendaye daima,
Mama yako