Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Kigoma: vumbi la barabara na daladala zinazoishia njiani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Pokea salamu kutoka Ujiji. Anayekuandikia ni fundi cherehani, mshonaji wa kanzu, mwenye kibaraza kinachotazama barabara inayotengenezwa. Wenzangu wa mtaa wamenituma niandike kwa sababu, walisema, fundi ndiye anayekaa pale kutwa na kuona yote. Nadhani walimaanisha pia kwamba siku hizi sina kazi nyingi. Ni kweli, na nitaeleza kwa nini.

Asije mtu akaisoma barua hii akasema watu wa Ujiji wanakataa barabara. Sisi tuliosukuma gari lenye mgonjwa kwenye matope ya masika hatuna hamu ya kurudi huko. Tunalolalamikia ni namna kazi inavyofanywa.

Udongo wetu unaujua: mwekundu, ukikauka ni unga. Lami ya zamani ilipobanduliwa na kifusi kumwagwa, malori yakaanza kupita juu yake tangu alfajiri. Ni kiangazi, upepo wa kusi unavuma, na kila lori linaacha nyuma yake wingu ambalo halijatua lori jingine limeshafika. Hata miembe ya zamani, ile ambayo wageni huoneshwa kuwa kumbukumbu ya njia ya misafara, imekuwa na rangi ya matofali.

Mwezi uliopita nilimaliza kanzu ya harusi. Nyeupe, darizi ya shingoni imenichukua siku tatu. Niliitundika ndani, dirisha limefungwa, mlango umezibwa kwa khanga. Mwenyewe alipokuja kuichukua alipitisha kidole begani, akanionesha kile kidole. Hakusema neno. Niliifua kwa gharama yangu akaichukua, lakini mdogo wake aliyekuwa ameagiza tatu amekwenda kushonesha Mwanga, kati ya hapa kwetu na mjini Kigoma.

Kanzu nimeifua. Kifua cha mjukuu wangu sijui nikifue vipi. Ana miaka minne, anakohoa usiku, na si yeye peke yake. Ukipita mtaani kwetu saa tano za usiku utasikia nyumba zinajibizana kwa vikohozi.

Vumbi linalotua juu ya meza si ndilo baya zaidi, maana hilo unalifuta. Baya ni lile usiloliona. Chembe ambazo upana wake hauzidi mikromita 10, ndogo mara kadhaa kuliko unene wa unywele, huvutwa pamoja na pumzi, na zile zisizozidi mikromita 2.5 hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema zile za mikromita 10 zisizidi mikrogramu 45 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 24. Mtaani kwetu hakuna mashine ya kupimia. Kipimo chetu ni kanzu nyeupe, na nimeshakueleza inasoma nini.

Kuna jambo jingine ambalo huenda waliopanga ratiba ya kazi hawakulifikiria: dagaa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wazaliane, tulilielewa agizo, tukafunga mikanda. Lakini ziwa lilipofunguliwa Agosti, ndipo vumbi lilipokolea. Mama aliyekaa miezi mitatu bila biashara anapata mzigo wake, anauanika, na lori linapita kwenye barabara ya mchepuo hatua chache kutoka vichanjani. Dagaa wenye vumbi husagika mdomoni kama changarawe. Mnunuzi hahitaji kuambiwa. Anatafuna mmoja, anatema, anasogea kwa jirani. Na sisi jina la dagaa wa Kigoma ndilo linalotulisha mpaka Dar es Salaam.

Dawa ya vumbi haina siri. Ni boza la maji. Lipo, tumeliona kwa macho yetu. Hupita asubuhi mara moja, siku nyingine halipiti kabisa, na ikifika saa nne jua limeshakausha kila kitu. Siku moja tu lilipita mara nne, siku ambayo wakubwa walikuja kukagua kazi. Siku hiyo tulikula chakula cha mchana milango wazi. Tunaishi kando ya ziwa lenye takriban sehemu ya sita ya maji baridi yote yasiyo barafu yaliyo juu ya ardhi duniani, Mheshimiwa, halafu barabara inakosa maji!

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyohiyo ndiyo inayodai tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo hueleza pia namna ya kuzipunguza athari hizo. Kwa hiyo hatuombi fedha mpya. Tunaomba ukurasa. Mkandarasi aje kwenye mkutano wa mtaa na ukurasa unaosema boza lipite mara ngapi kwa siku, malori yaende mwendo gani, na mzigo wa kifusi ufunikwe turubai au usifunikwe. Kama maji yamo kwenye bei ya kazi, basi maji hayo tumeshayalipia.

Sasa daladala.

Gari limeandikwa Kigoma–Ujiji. Abiria anapanda mjini, analipa nauli kamili. Likifika Mwanga, konda anagonga bati: "Mwisho hapa, mbele njia imefungwa." Njia haijafungwa. Kuna mchepuo, mrefu na wenye mashimo, na dereva hataki kuvunja springi. Kwa springi simlaumu sana, hesabu ya tajiri inamsubiri jioni. Lakini nauli ameshaitia mfukoni, na abiria anaanza upya kwa bajaji, ambayo nayo imepandisha bei kwa kisingizio cha vumbi hilohilo.

Jirani yangu, bibi mtu mzima, hurudi kutoka kliniki ya presha ya hospitali ya Maweni kwa miguu kuanzia Mwanga, kituo kwa kituo, kivuli kwa kivuli. Wanafunzi wana hali mbaya zaidi. Nauli yao ni ndogo, na konda anayejua kwamba leo atapata safari chache hawapakii. Wanaachwa wamesimama kwenye vumbi lile nililokueleza, mashati meupe. Baada ya isha hakuna gari kabisa.

Kukatisha ruti ni kosa, kila dereva analijua hilo. Nilikwenda ofisi moja kuuliza nani anasimamia jambo hili wakati wa ujenzi. Wakanielekeza ofisi ya pili, na ya pili ikanirudisha ya kwanza. Nauli niliyotumia siku hiyo ingetosha kununua rili kadhaa za uzi.

Ndiyo maana tunakuandikia wewe, ambaye unaweza kuwaita wote wakae chumba kimoja: mkandarasi, wasimamizi wa mradi, viongozi wa madereva, LATRA (mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu) na wenyeviti wa mitaa. Barabara ikitakiwa kufungwa kesho, tuambiwe leo jioni, kwa redio na kwa vipaza sauti vya misikiti. Mchepuo uchongwe na greda ili dereva asiwe na sababu. Vituo vya muda viwekewe vibao. Gari lililoandikwa Ujiji lifike Ujiji, na likishindwa, lirudishe sehemu ya nauli. Boza lipite asubuhi, saa sita na alasiri, liwe na mgeni au lisiwe naye.

Ukiona inafaa, njoo ujionee kabla ya kikao hicho. Usitangaze. Panda daladala mjini kama saa nane mchana, uvae shati jeupe, utuambie umeshukia wapi. Ukifika kwangu kuna benchi, na mtungi wa maji nimeufunika vizuri.

Wako,
Fundi kanzu, Ujiji,
kwa niaba ya wakazi wa mtaa.