Sanduku la baba halitoki ndani

Mama shikamoo. Sadiki, Zuhura, hamjambo hapo Barabara ya 8. Mwantumu akitoka shule ndo amsomee bibi yake hii barua, asome taratibu na asiruke hata mstari, maana Sadiki ukisoma wewe najua utaruka pale panapokugusa.

Mimi mzima kabisa. Baridi ipo ila nshaizoea, mgongo unauma kidogo lakini ni wa cherehani, nitawaambia huko mbele.

Sadiki, meseji yako niliipata nikiwa kwenye treni natoka kazini. Kwamba mabati ya uani yameoza na masika hayo yanabisha hodi, na kwamba kuna mtu wa Arusha anataka gramafoni ya baba na sanduku lake la santuri kwa laki sita, "tuuze tu dada, vinakula vumbi na hakuna anayesikiliza". Nimeisoma hiyo meseji mara nne na sikukujibu, na najua umewaambia watu kuwa nimeota pembe huku Marekani. Nilikuwa na jambo Jumamosi, nikasema lipite kwanza nijibu nikiwa na moyo uliotulia. Limepita. Jibu ni hapana. Mabati nanunua mimi na sanduku halitoki ndani ya nyumba ile.

Sasa nisikilizeni kwa nini.

Yule bibi ninayemtunza hapa Bronx, New York, mnamjua kwa picha, yule wa nywele nyeupe na lipstiki nyekundu hata siku ya kwenda hospitali. Ni mtu wa Puerto Rico, kazaliwa Ponce. Kile kisiwa kiko chini ya Marekani na watu wake ni raia wa huku tangu 1917, kwa hiyo paspoti na viza hawahangaiki navyo kama sisi, lakini mama, ukimsikiliza anavyosimulia alivyoshuka kwenye ndege mwaka 1952 akiwa na miaka 14, sanduku la kamba na koti la kuazima, unasema huyu ni mimi kabisa. Uraia haukumzuia kuambiwa arudi kwao. Alianza kazi kiwanda cha nguo, anashona sidiria kutwa. Wanawake wengi wa Puerto Rico waliokuja New York miaka ile walipita kwenye viwanda vya kushona. Aliponiona siku ya kwanza namrekebishia pindo la gauni lake kwa mkono akanishika vidole akavitazama, akasema wewe ni wa cherehani kama mimi. Tangu siku hiyo sisi si mgonjwa na mtunzaji tena.

Basi huyu bibi ujana wake wote aliucheza Palladium. Ilikuwa ukumbi wa dansi ghorofa ya kwanza, unapanda ngazi, pembeni ya Broadway na mtaa wa 53, katikati ya jiji kabisa kule kwa matajiri. Wazungu ndo walikuwa wenye ukumbi, ulipoanza kukosa watu mwishoni mwa miaka ya 40 wakaamua kuwaita Walatino na bendi zao za mambo (mambo ndo jina la dansi yao), na watu wakajaa mpaka ngazini. Machito na bendi yake ya Afro-Cubans, Tito Puente, Tito Rodríguez, hao wote walikuwa wanapokezana hapo na kushindana nani atawaangusha watu, kama vile mlivyokuwa mnabishana nyinyi juu ya bendi zetu za Tanga, Atomic na Jamhuri, mpaka baba na mjomba Kombo wakanuniana. Na pale ndani hakuna aliyeambiwa wewe mweusi kaa kule. Mpuerto Rico, Mcuba, Mweusi wa Harlem, Mtaliano, Myahudi, wote sakafu moja, kitu kinachoangaliwa ni unajua kucheza au hujui. Miaka ile Marekani hiyo haikuwa kawaida hata kidogo. Bibi yangu alikuwa anakwenda Ijumaa akishapokea mshahara, anabadilisha viatu chooni kiwandani.

Mwaka 1961 ukumbi ukanyang'anywa leseni ya pombe, 1966 ukafungwa. Nilikwenda kuangalia pale pembeni, pana ghorofa refu la ofisi, watu wanaingia na kahawa zao hawajui wanakanyaga wapi. Nilisimama pale nikajisikia vibaya kama niko kaburini.

Sasa vijana wa mtaani kwetu hapa, wajukuu wa hao hao, wakaamua kutengeneza tamthilia ya nyimbo na dansi juu ya usiku wa wazee wao. Walizunguka nyumba kwa nyumba na simu zao wanawarekodi wazee: ulivaa nini, ulikuja na nani, mlirudi na treni saa ngapi, mlipigwa na baba zenu au hamkupigwa. Bibi yangu waliongea naye siku tatu. Na mimi nikiwa nawapa chai, nikawasikia wanalalamika wana sketi mbili tu na wachezaji kumi na nne. Nikasema nitashona.

Mama, nimeshona sketi kumi na nne! Nimezishona usiku baada ya kazi, wiki tano, satini nyekundu na njano, marinda ya duara yale ya kuruka mtu akizunguka, lastiki ya kiunoni nikaikunja mara mbili isikatike, pindo lote nimeliingiza kwa mkono maana mashine inaliumiza satini. Hakuna hata moja iliyoachia. Dairekta alikuja kunishika mikono yote miwili mbele ya watu. Na jina langu limechapwa kwenye karatasi ya programu, wamekosea herufi moja lakini ni mimi, Zuhura nimekutumia picha, kamwonyeshe fundi Rajabu aliyesema mimi sina mkono wa kushona nguo za watu.

Halafu si kushona tu. Kuna kipande cha kiwandani, wasichana wanakaa mstari mmoja kila mtu na cherehani yake, walikuwa wanashika kitambaa kama wanashika karatasi, nikashindwa kuvumilia nikapanda stejini nikawaonyesha mkono wa kushoto unaongoza vipi na mguu unakanyaga vipi. Kipande hicho kinavyokwenda ni hivi: kwanza unasikia mashine tu, trrr trrr, kila mtu na lake, halafu taratibu miguu yote inaingia kwenye mwendo mmoja, halafu tumba inaingia chini yake, wasichana wanasimama, wanavua aproni, na ndani mna sketi zangu. Jumamosi walipoonyesha, ukumbi mzima ulisimama. Nililia mama, sioni haya kusema.

Lakini kilichonimaliza hakikuwa hicho.

Pale wanapofika juu ya zile ngazi za Palladium, bendi haijaanza, kuna mzee mmoja peke yake katikati ya jukwaa na vijiti viwili vya mbao anagonga. Ta, ta, ta, kimya kidogo, ta ta. Ta, ta, ta, ta ta. Wanaita klave, ndo nguzo ya muziki wote huo, mpigaji yeyote akiiacha wenzake wanajua. Nikasikia mwili unasisimka. Hiyo ni kijiko cha baba! Hicho ndo alichokuwa anagonga kwenye glasi ya chai kila asubuhi pale barazani akisubiri basi la kazini, na mama unamwambia utavunja glasi wewe mwanamume. Miaka yote nilidhani ni kitu chake tu baba, kitabia. Kumbe kilitoka Cuba kwenye zile santuri za babu, zile zenye herufi GV, ambazo Wazungu wa kampuni ya HMV walianza kuzileta Afrika miaka ya 30, na vijana wetu wakazikariri neno kwa neno bila kujua Kihispania mpaka bendi zikajiita Cuban Marimba pale Morogoro. Baba alizipata kwa babu, babu alizinunua kwa hela ya mkonge.

Na haijaisha. Bendi ikaingia na wimbo, mtangazaji jukwaani akasema jina lake, "Tanga". Naapa. Nilisimama nikasema kwa sauti TANGA, watu wa mbele wakageuka. Ni wimbo wa bendi ya Machito, kautunga shemeji yake Mario Bauzá mwaka 1943, na wanaouelewa muziki wanasema hapo ndo jazi ya Wamarekani na ngoma za Cuba zilipooana. Baada ya shoo nikamfuata mpiga tumba nikamuuliza, nikamwambia mimi natoka Tanga, mji upo, una bandari, una machungwa ya Muheza. Akaniambia kwao inasemwa ni neno la mtaani la bangi (mama usichukie) lakini neno lenyewe lina sura ya Afrika. Mimi hata hivyo nimeondoka nalo. Hao watu bendi yao waliipa jina la Afro mwaka 1940, wakati kusini mwa nchi hii mtu mweusi anakaa nyuma ya basi, wao wakaliandika Afrika kwenye bango la mlangoni. Nilikaa pale nikijiona kwetu kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii, halafu dakika mbili baadaye nikataka kurudi nyumbani hapo hapo, nitoke na sketi zangu niende uwanja wa ndege. Nilimkumbuka baba sana. Mnajua kwa nini sikuja kumzika, karatasi zangu zilikuwa hazijakamilika, sitaki kulirudia.

Bibi yangu alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu mstari wa mbele. Mwisho msichana aliyemwigiza yeye, wa miaka 19, kashuka jukwaani akamwomba wacheze. Miguu haiwezi, lakini mabega, mama, mabega yale yanajua. Watoto wake walikuwepo, wanaume wazima wa miaka sitini, mmoja akaniambia walikuwa hawajui kama mama yao alicheza hivyo. Hawakuwahi kumuuliza.

Huku Prospect Avenue, si mbali na ninapokaa, kuna duka la santuri, Casa Amadeo, lililoanzishwa na mwanamke wa Puerto Rico, Victoria Hernández, mwaka 1941. Mwaka 2001 serikali imeliweka kwenye orodha ya majengo ya historia ya taifa. Duka la santuri Sadiki! Na wewe za kwetu unataka kuzitoa kwa laki sita kwa mtu ambaye akifika nazo Ulaya atauza moja moja na sisi tutabaki kuangalia kwenye simu. Umeniandikia "dada wewe unastarehe huko, unaenda kwenye miziki, sisi huku tunalowa". Hilo limeniuma na nakwambia wazi limeniuma. Nimekuwa natuma hela kila mwezi tangu 2017, ada ya Mwantumu, dawa za mama, arobaini ya baba, sijawahi kukuuliza risiti. Usiniambie starehe.

Na shangazi Mwajuma naye, kwa heshima zote, aache kusema santuri zile ni uhuni wa ujana ambao marehemu alishautubia. Baba alisali vipindi vyake vyote na kijiko chake aligonga mpaka mwisho, nyinyi nyote mlimsikia.

Mama, sasa naongea na wewe. Najua wewe na baba mlikutana dansini, Jamhuri Jazz wanapiga, najua kwa sababu baba aliniambia siku moja tukiwa Raskazone akanikataza nisiseme. Sasa nasema. Zuhura akae na wewe Ijumaa baada ya adhuhuri, awashe simu arekodi, umsimulie yote. Ulivaa gauni gani, nani alilishona, kiingilio shilingi ngapi, ulimuaga vipi bibi, mlirudi kwa miguu au vipi, na baba alisema neno gani la kwanza. Usione aibu na usimwogope mtu. Mimi nataka kusikia sauti yako ikisema, na Mwantumu asikie, asije akafika miaka sitini ndo anaambiwa na watu baki kuwa bibi yake alikuwa anacheza.

Hela nimetuma kwenye namba ya Zuhura, siyo yako Sadiki, usikasirike, milioni moja na laki mbili. Ndo malipo ya zile sketi, yote. Nunueni bati geji 28, msidanganywe na geji 30 tena mkaezeke upya baada ya miaka mitatu. Ikibaki mumnunulie mama doti ya kanga na kilo ya nyama.

Yule mtu wa Arusha mwambieni dada kakataa, nilaumiwe mimi.

Sanduku mlitoe pale chini ya dirisha, mlipeleke chumba cha mama, santuri zisimame wima kama vitabu, zikilaliana na joto la Tanga zinapinda. Ile moja iliyopasuka pembeni msiitupe. Mama anajua ni ipi.

Wenu,
Asha